Sahihi ya Dashnyam

Mdogo wangu Sarangoo aliachwa na mumewe Dashnyam binti yao Maral akiwa bado ananyonya. Mwanamume alikwenda kusini kuendesha malori ya makaa ya mawe, akaoa huko, na hata simu ya kumjulia mtoto hali hakupiga. Sarangoo hakulalamika. Alimlea Maral hapa mjini Darkhan kwa mshahara wa kiwanda cha saruji, na majira ya baridi alimpeleka mtoni kuteleza kwenye barafu mpaka pua zao zikawa nyekundu kama nyanya.

Alipofikisha miaka kumi, Maral alichaguliwa kwenda Harbin, ng'ambo ya mpaka, kushindana kuteleza kwenye barafu na watoto wa huko. Mama yake angefuatana naye. Tulifurahi, tukachinja kondoo. Kisha mthibitishaji wa hati akatuambia mtoto havuki mpaka bila ridhaa ya wazazi wote wawili, na baba lazima aje mwenyewe kutia sahihi.

Sarangoo akampigia Dashnyam.

"Njoo kwa mama yangu sikukuu ya Mwezi Mweupe," alisema yule bwana. "Tutaongea kama watu wazima."

Siku hiyo ya mwaka mpya tulikwenda sote watatu. Hema la mama yake lilikuwa limejaa wageni, buuz, yale madonge ya unga yenye nyama ndani, zinatoa mvuke kwenye sinia. Sarangoo alimpa mama mkwe wake wa zamani kitambaa cha buluu cha heshima na zawadi, akamsalimu kwa heshima zote. Dashnyam alimsubiri akae, ndipo akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Sahihi utaipata. Ila kwanza waambie hawa ndugu zangu kwamba ni wewe uliyenifukuza."

Shangazi mmoja akanong'ona, "Si useme tu, mwanangu, mtoto asafiri. Utapungukiwa nini?"

Nami, nakiri, nilimfinya Sarangoo paja ili akubali.

Sarangoo alimtazama Maral, aliyekuwa ameshika buuz bila kuila. Kisha akasimama.

"Mama, asante kwa chakula," alimwambia bibi kizee. Akamgeukia Dashnyam. "Uliondoka mwenyewe, mimi nikiwa nimembeba huyu mgongoni. Siwezi kumfundisha mwanangu kwamba safari inalipiwa kwa uongo. Maral, vaa koti."

"Utajuta!" Dashnyam alimfokea. "Huyo mtoto haendi popote!"

"Tutaona."

Tuliporudi mjini, kocha wa Maral alimvuta Sarangoo pembeni. Alikuwa na shemeji anayefanana na Dashnyam. Sarangoo angeweza kwenda na huyo shemeji kwa mthibitishaji, kitambulisho chenye jina la Dashnyam kingetafutwa.

"Kocha, baba siazimi," Sarangoo alimjibu. "Kama sheria imenifungia mlango, nitaugonga uo huo mlango."

Akafungua kesi. Harbin ikapita. Siku basi la wenzake lilipoondoka Maral alilia amejifunika blanketi, na mama yake akakaa pembeni yake bila kumbembeleza kwa ahadi yoyote.

Mahakamani, jaji alimuuliza Dashnyam kwa nini anakataa. Anahofia mtoto atapotea? Ataumia? Hatarudishwa?

"Nataka niheshimiwe," alisema.

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza kuhusu mtoto."

Jaji akamuuliza Maral anataka nini.

"Nataka kwenda," alisema. "Na nikirudi nitataka kwenda tena."

Hukumu ilisema Sarangoo anaweza kusafiri na mwanawe nje ya nchi kwa ridhaa yake peke yake. Nje, kwenye ngazi, Dashnyam alitufuata.

"Umenidhalilisha mbele ya watu, Sarangoo."

"Nilianza kwa kuja kwako," alisema mdogo wangu, "tena na zawadi mkononi."

Majira ya baridi yaliyofuata Maral aliitwa kushindana Changchun, ng'ambo ileile ya mpaka. Mimi niliwasindikiza kwa treni hadi kituo cha mpakani cha Zamyn-Üüd. Askari wa mpakani aliigeuzageuza ile hukumu mbele na nyuma, akamtazama mtoto.

"Na baba yako yuko wapi?"

Sarangoo alivuta pumzi ajibu, lakini Maral alikuwa amewahi.

"Kazini. Mimi nasafiri na mama."

Askari akagonga muhuri. Huko Changchun Maral alianguka kwenye kona ya kwanza, akainuka, akamaliza wa mwisho kabisa, kisha akanipigia simu kunieleza jinsi atakavyoikata ile kona mwakani.