Neno "Baba" Katika Kanda ya Mzee

Nilimwonea dada yangu wivu, na sitaki mtu anisaidie kuutafutia jina lingine. Mke wangu Gladys alisema labda ni uchungu wa mtu anayependa ukweli. Uchungu wa nini? Ulikuwa wivu mtupu, ule wa kukufanya uusukume ugali pembeni na kusema umeshiba.

Nimefundisha historia miaka thelathini na mitatu, mingi yake hapa Magwagwa. Nilipokaribia kustaafu nilichapisha kijitabu juu ya namna familia zetu zilivyohamia Nyansiongo, kwenye mashamba waliyoyaacha Wazungu. Kurasa themanini na nne. Kila tarehe nimeihakikisha. Nakala nyingi bado ziko chini ya kitanda, na Gladys huweka ndizi juu yake ziive. Halafu dada yangu Nyakerario, karani mstaafu wa miaka sitini na saba, mtu ambaye sijawahi kumwona akiandika kitu kirefu kuliko orodha ya kamati ya harusi, anaibuka na riwaya na kila mtu analia. Mchungaji alilia. Daktari wa meno kule Kisii mjini alilia, na mimi jino langu liko mkononi mwake.

Wanacholilia ni sura ya nne. Msichana wa miaka minane anambeba ndugu yake mgonjwa mgongoni, maili saba kwenye mvua hadi zahanati, kwa sababu hakuna mtu mzima nyumbani. Ndugu huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka miwili na surua ilitaka kunimaliza. Sikumbuki lolote, lakini najua nani alinibeba, maana nimeandika mwenyewe, ukurasa wa thelathini na moja: "Mwaka 1965 mwandishi alibebwa na mama yake hadi zahanati." Kwa hiyo dada alikuwa amemvua marehemu mama tendo lake akajivika yeye. Na nikipita sokoni sasa, hakuna anayeniuliza habari za kijitabu changu. Wananiuliza, "Mwalimu, kumbe kale katoto ni wewe?" Miaka sitini na moja, mvi kichwa kizima, naitwa katoto.

Ushahidi nilikuwa nao. Mwaka 1996, mwaka mmoja kabla mzee wetu hajafariki, nilimrekodi kwenye kanda. Mama alikuwa ameshatutoka. Hapa lazima nieleze kitu kwa wasiojua lugha yetu. Kwa Ekegusii, "baba" ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita "tata". Mtoto wa kwetu akianza Kiswahili shuleni, neno hilo humchezea shere. Nimesahihisha insha ngapi zinazosema "Baba yangu ananyonyesha"? Nilikuwa nazisoma kwa sauti ofisini walimu wenzangu wacheke. Sasa mzee kwenye kanda anasema kwa Ekegusii kwamba wiki ile yeye alikuwa safarini na lori la maziwa, na kwamba aliyembeba Onyiego, yaani mimi, ni "baba". Nikatafsiri: mama. Kazi ikaisha.

Kanisa likapanga kumpongeza Nyakerario Jumapili moja alasiri. Mzee wa kanisa, Manasseh, akanipigia simu niseme machache kama ndugu. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeshaihamisha kanda kwenye simu, na mpango wangu ulikuwa rahisi: nisimame, niwasikilizishe sauti ya mzee, nikae. Nilitaka aaibike mbele za watu waliomlilia.

Kasoro ilikuwa moja. Mimi hudai mashahidi wawili kwa kila jambo, na hapo nilikuwa na mmoja. Alhamisi nikaenda Nyansiongo kwa Shangazi Orpah, dada yake mzee, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa rika lile. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikamwekea simu karibu na sikio. Aliposikia sauti ya kaka yake alicheka, kisha akajifuta macho kwa leso, akataka nirudie.

"Sasa umekuja kuniuliza nini, mwanangu?"

"Nataka unithibitishie kwamba mama ndiye alinibeba."

"Mama yako alikuwa Birongo kwenye matanga ya babu yako mzaa mama. Alirudi akakuta umepona."

"Lakini mzee anasema 'baba', shangazi. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Masikio bado yapo." Akaweka gunzi chini. "Onyiego, mwanamume humwita mke wake 'baba', yaani mama yangu? Akikuhadithia habari zake si husema mama yako?"

Nilirudisha simu mfukoni.

"Kaka yangu akisema 'baba' ni mama yake yeye, aliyetuzaa. Na huyo alikufa hata wewe hujafikiriwa. Aliitwa nani?"

"Nyakerario."

"Na jina lake alipewa nani?"

Nilitazama mahindi. Utoto wangu wote nilimsikia mzee akimwita dada hivyo, kwa sababu alikuwa amerithi jina la bibi: baba, lete maji, baba, umekula? Nililisikia kila siku hadi likaacha kuwa neno. Nilipoketi na kanda yangu na kamusi yangu, nikaandika jibu la mtoto wa darasa la kwanza.

"Mmesoma sana nyinyi," shangazi akasema, akaendelea kupukuchua.

Mtadhani wivu uliisha hapo. Uliongezeka. Mwanzoni dada alikuwa na machozi ya watu, na mimi nilikuwa na ukweli, nikajiliwaza kwamba tumegawana. Sasa alikuwa na vyote viwili, na mashahidi wawili juu. Mimi nilibaki na ndizi chini ya kitanda. Nikapiga hesabu nyingine. Shangazi magoti hayamruhusu kufika Magwagwa. Kanda ninayo mimi. Nikinyamaza, ukurasa wa thelathini na moja utabaki ulivyo na riwaya itabaki riwaya. Niliamua kunyamaza, na usiku huo nilikula ugali wangu wote.

Jumapili ukumbi ulijaa. Baada ya nyimbo, mwalimu mmoja kijana anayeitwa Kemuma aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: sura ya nne ilitokea kweli?

Nyakerario alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Hiyo nimebuni. Ukweli uko kwenye kitabu cha ndugu yangu, ukurasa wa thelathini na moja. Aliyembeba ni mama."

Watu wakanigeukia. Nilitazama viatu vyangu.

"Mimi nilikuwa nakumbuka vingine," akaendelea. "Nilikumbuka miguu yake ikinigonga kiunoni, na joto lake likipenya nguo hadi mgongoni. Nimekaa na hayo miaka mingi sana. Lakini niliposoma kitabu cha mwalimu nikajiambia, nilikuwa mtoto, pengine nilisimuliwa nikachanganya. Yeye hutafuta ushahidi. Basi nikayaweka kwenye riwaya, maana huko mtu hawezi kukuambia umesema uongo."

Nakala zote zile chini ya kitanda, na mtu mmoja tu duniani alikuwa amekisoma kitabu changu hadi kujua nambari ya ukurasa. Alikuwa yeye. Na aliniamini mimi akaukana mgongo wake mwenyewe.

Manasseh akaniita mbele. Nilikuwa na maneno mawili ya pongezi mfukoni na yangetosha. Nikatoa simu. Niliisogeza kwenye kipaza sauti, na mzee akasikika ukumbi mzima, na kikohozi chake, mpaka kwenye neno lile. Kina mama wa mbele wakaitikia kwa kichwa: ndiyo, mama.

"Mimi pia nilisikia hivyo," nikasema. "Nilikosea. Mama alikuwa Birongo. Dada, mzee alikuwa akikuitaje?"

Alikuwa anaitazama simu.

"Irudie," akasema.

Nikairudia. Sauti ya mzee ilipofika kwenye "baba", dada yangu, bibi wa wajukuu tisa, aliitika polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni:

"Tata."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilizima simu, nikarudi kukaa, na kalamu yangu ikafuta "mama" kwenye ukurasa wa thelathini na moja wa nakala niliyokuja nayo, hapo hapo gotini. Nisiwadanganye sasa, wivu ulikuwa bado haujaisha. Mimi, mzee aliniita Mwalimu tu mpaka anakufa.