Sekunde Arobaini Zilizokatwa

Siku ya Jumamosi nyumba ile haikujua ukimya. Kuanzia saa nane mchana viatu vilijaa mlangoni, waya za kompyuta zikatambaa sakafuni, na Mama mwenye nyumba akawa anaziruka na birika la chai mkononi, akilalamika kwamba siku moja ataanguka na hao wageni watampiga video kwanza ndipo wamwinue.

Walikuwa watu tisa wa kujitolea. Waliandikia kamusi elezo ya bure mtandaoni, ile tovuti ambayo yeyote anaisoma na yeyote anaisahihisha. Walikuja kwa kupenda kazi, na kwa kupenda chai, na kwa sababu umbea wote wa mtaa ulipitia kwa binti wa nyumba ile kabla haujaenda kwingine kokote.

Binti mwenyewe alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani yake na marundo ya sare za shule, lakini jina la Mkasi hakulipata kwenye vitambaa. Alipewa na kikundi. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa amegundua kwamba makala zao zinasomwa ila video zao watu hawazimalizi. Akawaonyesha grafu ukutani kwa projekta ya kuazima: mstari unaanza juu umenyooka, ukifika dakika ya pili unaporomoka kama jiwe.

"Oneni wenyewe," Mwalimu akasema. "Watu wanatukimbia kama tuna upele."

Wakakubaliana. Video yoyote isizidi dakika mbili. Mwishoni pawe na maswali matano ya kubonyeza, mtazamaji ajipime, na akipata yote atokewe na maneno ya pongezi. Kukata akaachiwa Mkasi, maana alikuwa na jicho. Ulimpa dakika kumi za mtu anakohoa na kujikuna, akakurudishia mbili safi usijue zimeungwa wapi.

Video iliyowapa sifa ilikuwa ya kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi wa visima, miaka ishirini na mbili akiingia na kutoka ardhini. Kule chini hasemi neno. Akipanda juu humnyamazishi. Mkasi alimpiga video kando ya kisima akieleza namna ya kupima hewa: unawasha mshumaa, unauteremsha kwa kamba polepole mpaka chini, ukizimika usishuke. Alieleza dakika tisa. Katikati pale aliuweka mshumaa pembeni, akashika kiuno, akaanza kufoka habari za pampu za petroli, haonyeshi kitu, anafoka tu, na nyuma yake punda wa mtu analia. Sekunde arobaini. Mkasi alizitazama mara mbili, akasema moyoni hapa ndipo watakapokimbia. Akazikata. Kisha akatunga maswali matano kutokana na kile kilichobaki.

Walipoizindua ukutani Jumamosi moja, watu walipiga makofi mpaka majirani wakachungulia. Mama alitokwa na machozi. "Mtizameni mwanangu," alisema, "utadhani waziri." Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa video ile ikatazamwa kuliko nyingine zote za kikundi, na wachache mno hawakuimaliza. Kaka mtu akawa anasimamishwa barabarani. "Mzee wa mshumaa!" Naye anapunga mkono.

Jumatatu moja asubuhi akaja mwanamke, amejifunga kitambaa cheusi, na shemeji yake nyuma. Mkasi alidhani ni wateja, akawasogezea kiti.

"Tunamtafuta huyu," mwanamke akasema. Akageuza simu. Kwenye kioo alikuwa kaka mtu na mshumaa wake.

Kaka alikuwa uani anasuka kamba. Akaja akijifuta mikono, anatabasamu, amezoea. Mama naye akatoka jikoni, maana mgeni wa mwanawe ni wake.

Shemeji mtu ndiye aliyeanza kusema, na hakukaa. Kaka yake mwenyewe, mume wa mwanamke yule, alikuwa na kisima chake nyumbani, kimejaa tope. Akaazima pampu ya petroli. Kwa kuwa mpira ulikuwa mfupi, akaishusha pampu yenyewe kisimani kwa kamba, ikanguruma mule asubuhi nzima. Maji yalipopungua akaitoa, akawasha mshumaa, akauteremsha. Ukawaka mpaka chini. Akafunga kamba kiunoni, akashuka. Hakumaliza hata kujaza ndoo ya kwanza. Binamu yake alipoona kamba haitikisiki akashuka kumfuata.

"Wote wawili," akasema. "Tumewazika juzi."

"Pole sana," Kaka akasema, na tabasamu lilikuwa limeshatoka usoni. "Lakini pampu... pampu nilisema. Kwenye video nilisema."

"Ulisema wapi? Tuonyeshe."

Mwanamke akaibonyeza. Wakasimama watano wakiizunguka simu ile ndogo, dakika mbili nzima. Mshumaa ukashuka, ukapanda. Pampu haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Kisha yakaja maswali. Mwanamke akafungua picha aliyoihifadhi mumewe mwenyewe, aliyomtumia kazini siku ile ile kabla hajashuka. Swali la tano: mshumaa umewaka mpaka chini, unafanya nini? Jibu lililowekewa alama ya kijani: unafunga kamba kiunoni na kushuka. Chini yake: Hongera! Umepata tano kwa tano.

"Alifurahi," mwanamke akasema. "Darasani hakuwahi kupata yote."

Kaka aliitazama picha ile, halafu akatazama sakafu. Hakumtazama dada yake. Mkasi alikuwa ameshika kipande cha sare mkononi, na vidole vyake vilikuwa vinakikunja na kukikunjua.

"Mwanangu hajaua mtu," Mama akasema.

"Hatukusema ameua, mama," shemeji akajibu. "Tumesema amefundisha. Alhamisi tutarudi na mwenyekiti wa chama chao cha visima."

Habari za msiba haziombi ruhusa kupita. Kufika Jumanne watu wawili waliokuwa wamempa Kaka kazi walituma ujumbe kwamba wameahirisha. Wale wa "Mzee wa mshumaa!" wakawa wanakumbuka shughuli upande wa pili wa barabara. Mkasi, ambaye siku zote ndiye aliyepeleka habari za watu, sasa alisikia za kwao zikipita nje ya dirisha kwa sauti ya chini.

Alimpigia Mwalimu.

"Zile sekunde unazo?" Mwalimu akauliza.

"Nilizifuta. Simu ilijaa."

Mwalimu akavuta pumzi. Kosa la maandishi kwenye tovuti ile ni jambo dogo: unaingia, unabadilisha neno, unatoka. Video haina huruma hiyo. Mpaka upakie nyingine nzima juu ya ile ya zamani, kwa jina lile lile, na historia ya ukurasa inaandika ni nani aliyefanya, saa ngapi, na kwa sababu gani.

"Sikiliza, binti yangu. Mrekodi upya aseme ile habari ya pampu. Rekebisha na lile swali. Kwenye kisanduku cha sababu andika 'uboreshaji'. Si tunaboresha kila siku?"

"Na Kaka?"

Mwalimu akakohoa.

"Mwalimu, na Kaka je?"

"Sura iliyo pale ni yake," Mwalimu akasema. "Watu hutazama video. Historia ya ukurasa nani anaifungua? Wewe una kikundi hapo kwako. Ukisema, watu wawili wamekufa... unajua itakuwaje."

Alijua. Mlango ule ungekosa viatu. Labda polisi wangekuja, labda wasije. Lakini angekuwa yule dada aliyekata. Upande mwingine alikuwepo kaka yake, aliyekuwa uani akisuka kamba ambayo hakuna aliyeiagiza. Siku tatu walikula meza moja na hakumwuliza kitu. Angemwuliza ingekuwa nafuu.

Alhamisi saa kumi jioni walifika. Mwenyekiti wa chama cha wachimba visima alikuwa bwana mnene mwenye sauti laini, wa kumwambia mtu neno baya ukadhani anambembeleza. Mjane akakaa pembeni ya mlango. Mama alileta chai, hakuna aliyeigusa.

"Ndugu yetu," Mwenyekiti akamwambia Kaka, "sisi hatukuhukumu. Lakini watu wanasema chama kinafundisha watu kufa. Kadi yako ya chama tuiweke kwanza. Na visima, upumzike."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Tutaona."

Kaka akatia mkono mfukoni. Kadi ilikuwa ndani ya nailoni, pembe zake zimechakaa. Akainyoosha.

"Mwachie kadi yake," Mkasi akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Mwenyekiti akageuka kumtazama kama ndiyo kwanza anamwona.

"Alisema yote. Habari za pampu alizisema, na alizisema vizuri. Mimi ndiye niliyekata. Nilitaka video iwe fupi watu wasikimbie. Na yale maswali ni mimi niliyeyatunga, mpaka lile la tano. Yeye hakuyajua."

"We mtoto," Mama akasema, akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Shemeji mtu akainuka. Akapiga ukuta kwa kiganja, mara moja, akatoka nje. Mwenyekiti akaisukuma kadi irudi kwa mwenyewe. Aliyebaki ametulia ni mjane peke yake.

"Alisema nini?" akauliza.

"Dada..."

"Kile ulichokikata. Nataka kukisikia."

Mkasi akasema hana tena, kimefutika. Mjane akamgeukia Kaka. "Basi sema wewe. Sema kama ulivyosema."

Kaka akasimama. Mikono hakuiweka kiunoni safari hii. Ilining'inia tu.

"Pampu ya petroli isishushwe kisimani," akasema. "Ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, ivute kwa mpira. Na kama kuna mtu ameshaishusha, hata kama ameitoa, mshumaa usiuamini. Moshi wa mashine hauuzimi. Mshumaa utawaka vizuri kabisa na wewe utakufa. Usishuke, mpaka waje watu wenye kifaa cha kupimia. Na..." Akasita. "Na mwenzako akianguka chini, usimfuate. Vuta kamba, piga kelele, ita watu. Usimfuate."

Mjane alikuwa anasikiliza na midomo inatikisika, kama anayeyarudia nyuma yake.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Yalichukua muda gani?"

"Sekunde arobaini," Mkasi akasema.

Mwanamke akatikisa kichwa taratibu. "Hakuwa na haraka," akasema. "Siku ile alikuwa likizo. Angesikiliza hata saa nzima."

Akaichukua simu yake, akajifunga vizuri kitambaa, akaondoka bila kuaga. Hakumtukana Mkasi. Mkasi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

Kabla jua halijazama aliiomba tovuti iiondoe video, na maswali akayatoa mwenyewe. Kwenye kisanduku cha sababu hakuandika uboreshaji. Aliandika kilichotokea, kwa maneno machache maana kisanduku chenyewe ni kidogo, na akaweka jina lake la kweli. Mwalimu alipiga simu mara tatu. Hakupokea.

Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye cherehani, anashona asichokiona, Kaka alipoingia na kuegemea mlango.

"Ile siku mlipoizindua ukutani," akasema, "niliona."

Cherehani ikasimama. "Uliona nini?"

"Kwamba haimo. Nilikuwa naingoja ile sehemu ifike. Ikapita. Nikasema moyoni, ngoja wamalize nimwambie. Mkamaliza, mkawa mnapiga makofi, Mama analia." Akakuna kidevu. "Nikajiona nimependeza. Nikasema nitamwambia kesho."

"Kaka."

"Kesho hiyo mwaka umepita. Na jana nilikuwa naitoa kadi nikidhani nalipia hilo. Ukasimama wewe ukasema yote ni yako, nikaona mlango umefunguka, nikanyamaza. Mbele ya yule mama, nikanyamaza."

Mkasi hakujua amkumbatie au ampige. Alibaki na mkono juu ya gurudumu la cherehani. Siku nne alikuwa ameubeba mzigo ule akiamini ni wake peke yake, na sasa ulipogawanywa hakuona kama umepungua hata kidogo.

"Unakwenda wapi?" akauliza, maana alikuwa amevaa viatu, na ile kadi ameishika.

"Kwa Mwenyekiti."

"Watakufukuza kabisa safari hii. Hukujifunza kazi nyingine maisha yako yote. Utafanya nini?"

"Sijui."

Akatoka. Mkasi alimsikia akivuka ua, akampita Mama bila kumjibu alipoulizwa kama amekunywa chai. Lango likalia. Kisha nyayo zikasimama, zikarudi, na kichwa chake kikatokea tena mlangoni. Mkasi akadhani amebadili nia, na Mungu amsamehe, moyo ulimruka kwa furaha.

"Yule mama," Kaka akasema. "Anakaa wapi? Nianzie kwake."

Mkasi akamwelekeza.