Karanga za Anitha

Siku ya kumi na mbili baada ya kumzika Anitha, Mjomba Yotham aliagiza Bibi Loisi aitwe uani kwetu, aje ajibu.

Anitha alikuwa mtoto wa dada yangu Emiliana. Alikuwa na miaka minne. Emiliana anauza chai na vitumbua stendi ya Mpwapwa, huondoka nyumbani kabla jua halijatoka, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlea. Niliacha shule darasa la tano mama alipofariki, na tangu hapo kazi yangu ikawa nyumba, kisha nyumba na mtoto. Nilijua hata kikohozi chake cha uongo, kile cha kutaka abebwe.

Alianza kwa kutapika. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa kama la mtu aliyekunywa mtungi mzima wa maji. Siku ya tano alifia hospitali mikononi mwa mama yake.

Watu walikuja na majibu. Kilio nilikivumilia, lakini majibu yalinichosha. Mama mmoja wa kwaya alisema Mungu alihitaji ua katika bustani yake. Nilitaka kumwuliza, mwenye bustani nzima alikosa nini hata aje kuchuma kaua ketu kamoja? Nikakusanya vikombe. Sauti yangu hukwama mbele za watu. Shuleni nilichapwa kwa maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo kichwani.

Mwinjilisti Gerson alitufundisha kwamba mabaya yote yalianzia bustani ya Edeni. Mungu aliumba kila kitu kikiwa chema. Adamu na Hawa wakakaidi, na tangu hapo ardhi ikalaaniwa, magonjwa yakaingia, mauti yakaingia. "Kwa hiyo tusimlaumu Mungu," alisema.

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikawaza: Adamu alikula tunda, na Anitha alikula uji. Mbona adhabu imemfuata huyu ambaye hata mkate wa jirani hakuwahi kuiba?

Mjomba Yotham yeye hakuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Jibu lake lilikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Yule bibi alimbeba mtoto Jumapili," alisema. "Akasema huyu mtoto mzito kama gunia la mtama. Jumatano mtoto anatapika. Na kuku je? Kuku wawili wamekufa wiki ileile, bila ugonjwa wa kideri. Nyie mnataka ushahidi gani? Mpaka awaandikie barua?"

Watu wakaguna. Wengine wakaangalia chini. Bibi Loisi ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka sabini. Huku kwetu macho kama hayo yanatosha mtu kuitwa mchawi.

Siku ya tisa alikuja dada wa afya, jina lake Violeth. Alisema ugonjwa kama ule unaweza kuletwa na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Haina harufu, alisema, na moto wa jikoni hauiondoi. Akauliza karanga zetu tunazitunzaje.

Mjomba akamkatiza. "Mama, karanga tunakula tangu babu zetu. Wao mbona hawakufa?"

"Wamekufa wote," Violeth akasema. "Umeonana na babu yako lini?"

Watu wakacheka, na Mjomba akanuna. Emiliana akasema karanga zilikwisha. Alisema alichokijua. Lakini hazikuwa zimekwisha. Karibu debe zima lilibaki ndani ya gunia nyuma ya jiwe la kusagia, na mimi niliyeliweka nilikuwa nimesimama palepale. Violeth alinitazama. Nikamwongezea chai.

Yeyote aliyewahi kubangua karanga kwa mikono anajua. Zikikaa miezi mingi maganda hukauka yakawa kama mifupa, na ukibangua debe moja vidole vinapasuka. Kwa hiyo tunazinyunyizia maji, tunazifunika usiku mmoja, na asubuhi maganda yamelainika. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Baada ya kubangua unazianika siku mbili, tatu, mpaka zilie mkononi.

Mimi sikuzianika siku tatu. Nilizianika asubuhi moja. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, nami nilitaka kwenda mnadani, nikatazame vitenge na kula nyama ya kuchoma kama wenzangu. Nilizifunga kwenye gunia zikiwa na unyevu bado. Baada ya wiki tatu nilipofungua, nyingine zilikuwa na unga wa kijani. Nikazichambua. Mbaya niliwarushia kuku. Nzuri, zile zilizoonekana nzuri, nilizikaanga, nikazitwanga, nikazitia kwenye uji wa Anitha asubuhi na jioni. Sisi wakubwa tulionja kidogo tu kwenye mlenda. Kliniki walisema mtoto apewe karanga ajengeke, kwa hiyo yeye nilimzidishia. Nilimpa kilicho bora.

Violeth aliposema sumukuvu niliwakumbuka wale kuku. Kwa siku tatu nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika. Ukungu aliuumba nani? Kama aliumba kila kitu chema, huu unga wa kijani ulikuwa mwema kwa nani? Na kama ni laana ya Adamu, kwa nini inakaa kimya ndani ya gunia, haina harufu, inamngoja mtu anayependa?

Basi siku ya kumi na mbili Bibi Loisi akaja, na fimbo yake na kanga yake ya kanisani.

"Mbukwenyi," akatusalimu. Hakuna aliyeitikia. Hapo ndipo alipojua.

"Mama," Mjomba akaanza, "hatutaki fujo. Ondoka kijijini kabla ya Jumamosi. Vijana wamekasirika, mimi siwezi kuwazuia."

"Niende wapi, Yotham? Nilikukata kitovu mimi."

"Usinitajie kitovu!"

Bibi Loisi akamgeukia mwinjilisti. "Gerson, baba, na wewe?"

Mwinjilisti akafungua Biblia, akaifunga. "Tuombe kwanza," akasema.

Nilikasirika mpaka nikaona giza. Alitufundisha vizuri habari za Edeni, lakini kipande kimoja alikipita haraka. Mungu alipouliza, Adamu alimnyooshea kidole mke wake, mke akamnyooshea nyoka. Uani kwetu nyoka alikuwa amekwisha kupatikana, amevaa kanga. Na mimi nilikuwa kichakani na majani yangu.

Niliingia jikoni, nikaliburuta gunia mpaka katikati ya ua, nikalimwaga.

"Hizi," nikasema. Sauti ikakwama. "Hizi ndizo nilizompa. Nilizilowanisha, sikuzianika zikakauka. Mbaya nikawapa kuku."

Karanga zilikuwa zimezidi kuota ukungu, hata aliyekaa mbali aliuona.

"Ni Shetani," Mjomba akasema upesi, na sauti yake ililainika. Nilijua ananihurumia. "Mwanangu, Shetani alikutumia. Na Shetani ana watu wake." Akamtazama tena Bibi Loisi.

"Hapana, Mjomba. Bibi hakushika gunia hili. Ni mimi, nilitaka kwenda mnadani."

Emiliana akainuka kwenye mkeka. Alikuja mpaka mbele yangu. "Huo ukungu uliuona?"

"Niliuona, dada."

"Ukampa?"

"Nilichambua. Nilidhani moto unatosha."

Nilingoja anipige. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Watu waliondoka mmojammoja, bila kuaga. Mjomba aliondoka bila kumwomba Bibi Loisi radhi, lakini habari ya Jumamosi hakuitaja tena. Mwinjilisti alibaki kidogo.

"Mwalimu," nikamwuliza, na sikumwuliza kwa adabu, "ukungu uliumbwa na nani?"

"Sijui, binti yangu," akasema. "Ninalojua ni kwamba Mungu alimtoa Mwanawe naye akafa. Hakusimama mbali na kufa kwetu."

"Hilo halimrudishi Anitha."

"Leo halimrudishi," akasema. Akachukua Biblia yake akaenda.

Nilichimba shimo nyuma ya zizi. Udongo wa huku wakati wa kiangazi ni kama saruji, na jembe lilikuwa likiruka. Bibi Loisi alikaa chini kando yangu, akawa ananitolea udongo kwa sahani ya bati. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumwomba. Alisema tu, "Ongeza kina. Kuku wanafukua."

Tulikuwa tunamwaga karanga shimoni kuku walipokuja mbio, wakidhani wameitiwa chakula. Mlango ukafunguka. Emiliana akatoka na ufagio, macho yamevimba, akawapiga kuku mpaka manyoya yakaruka.

"Msile!" akapiga kelele. "Msile hizo, nyie wapumbavu, msile!"

Akasimama pale juu ya shimo na ufagio wake, akilia, akiwalinda kuku, mpaka nilipomaliza kufukia. Hakunitazama. Hakuondoka pia.