Mkwe Wangu, Kiti cha Kumi na Mbili

Wee! Siku basi jipya la kasi lilipoanza kazi, Rongo hadi Homa Bay, mimi Teresa nilitaka kushuka kabla halijaondoka. Kwetu Wajaluo, mama mkwe hakai bega kwa bega na mume wa binti yake. Tunaheshimiana kwa mbali. Sasa Fanuel, mume wa Linet wangu, alikata tiketi kwa simu. Simu ikamuuliza, mnasafiri kama familia? Akajibu ndiyo. Ikatupa kiti cha kumi na moja na cha kumi na mbili!

"Nitasimama, Mama," akasema, macho chini.

"Hakuna kusimama," kondakta, Maroa, akasema. "Mtu akisimama, basi haling'oki." Tukajaribu kubadilishana na jirani, mashine ya tiketi ikapiga kelele: kila kiti kina jina la mwenyewe. "Pole, Mama," Maroa akasema. "Hata sisi Wakuria tuna heshima hiyo. Lakini mashine haina mkwe."

Nilikasirika, aki. Lakini Linet alikuwa hospitali Homa Bay, apasuliwe saa nne ili mtoto atoke, na aliniomba nimshike mkono kabla hajaingia. Ilikuwa saa tatu na robo tayari.

"Haya, kaa," nikamwambia Fanuel.

Nikaweka kikapu cha omena, dagaa wa ziwa letu, katikati yetu, yeye akageukia dirisha. Milango ikajifunga yenyewe. Tukapita fujo yote ya soko kwenye njia yetu peke yetu, sauti ya mama fulani kwenye spika ikitaja kila steji kwa upole. Raha, siwezi kudanganya.

Ndipo nikaona kola ya Fanuel imekunjika ndani, na kila dakika anaangalia saa kwenye simu. Miaka minne ameoa kwangu, sikuwahi kumwona karibu hivyo. Maskini, alikuwa anaogopa kama mimi.

Tulifika zimebaki dakika tano. Nikamshika Linet mkono.

"Mama, umewahi! Umekuja na nini?"

"Na basi. Nimekaa na bwanako."

Akacheka mpaka nesi akamwambia atulie. Kisha wakamsukuma ndani.

Nje palikuwa na benchi moja refu. Nikakaa, kikapu kando yangu. Fanuel akabaki amesimama kule ukutani, adabu yake ile ile. Hapa hakukuwa na mashine ya kutulazimisha.

Nikateremsha kikapu sakafuni.

"Kuja ukae, mwanangu."