Wimbo Alioutaka Mahamudu

Mume wangu Mahamudu alikuwa khalifa wa zikiri hapa Naviundu, na alikuwa mkaidi kwa jambo moja. Kila Alhamisi jioni, kwaya ya kanisa la jirani ilipoanza mazoezi, aliinua mkono na muridi wake wote wakanyamaza.

"Beko banamutaja Yeye mwenyewe," alisema. "Tubaache bamalize."

Wangoje hivyo, kahawa yangu ipoe, nami ninune jikoni. Na kwaya yenyewe, niseme kweli, haikuwa ya kungojewa.

Alipozidiwa aliniusia: siku ya kumzika, Simone, kiongozi wa kwaya na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aje na wenzake wamwimbie ule wimbo wa Kibemba alioupenda. Nikaahidi. Ahadi ni deni.

Akafariki alfajiri, mvua ikinyesha. Mwanetu Amadi, aliyerudi kutoka masomo ya dini na hukumu tayari mdomoni, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, Maman. Kanisa haitaimba kwa maiti ya Papa."

Nikaenda kwa Simone. Alilia palepale mlangoni.

"Pasta anatukataza, Maman Habiba. Anasema zikiri yenu ni ya mapepo. Nikikuya, batanifukuza."

Watu wa mwanangu na watu wa pasta, waliochukiana maisha yao yote, siku hiyo walikubaliana. Niliwachukia wote.

Dini yetu inamruhusu mke kumwosha mumewe, nikaidai haki yangu. Tulimwoshea nyuma ya nyumba, ndani ya mashuka yaliyotundikwa kando ya ukuta wa Simone. Amadi alimimina maji, mimi nikaosha. Nilipofika miguuni nikaanza kuimba. Sauti sina, Kibemba sikijui, na ubeti niliushika mmoja tu kwa kuusikia kila wiki.

"Maman, nyamaza."

Sikunyamaza. Ubeti uliponiishia nikakwama, mkono juu ya kisigino chake. Ndipo ng'ambo ya ukuta sauti ya Simone, chini chini, ikashika ubeti wa pili.

Amadi akaweka birika chini, akatoka. Nikamalizia kumwosha baba yake peke yangu, mkono mmoja ukimimina, mwingine ukiosha.

Jioni Amadi alibeba jeneza pamoja na wenzake, na hakunitazama.

Mahamudu alipata wimbo wake. Mwanangu anaishi Mokambo siku hizi, na mlango wangu hajaukanyaga tena.