Mwaliko Wenye Kufuli

Ridha alisoma kompyuta Unguja mwaka mmoja na nusu, akarudi kwao Konde na nusu ya shahada. Nusu ya pili, akipenda kusema, kaiacha chuoni imshikie nafasi. Kibanda chake cha kuchapa akakiandika "Daktari wa Kompyuta", na wagonjwa wakaja.

Asubuhi hiyo Bi Mwanapili, mwalimu wa madrasa, alikuwa benchini anasubiri kasida zake. Miezi minne kazinukuu kwa wazee, Ridha akizichapa. Madaftari yakaloa mvua. Sasa zimebaki ndani ya kompyuta ya Ridha tu.

Barua pepe ikaingia, mtumaji hajulikani. "Umealikwa harusi. Fungua kadi, nywila ni 1234." Chini yake, faili la zipu, lile la kufungia mafaili mengine ndani.

Ridha akachekelea, mshale keshauweka juu ya faili. "Rafiki yangu Abdulnasir huyu, ananilipizia! Juzi nilimpindulia skrini, akashinda anasoma shingo upande."

"Kadi gani, mwanangu?"

"Ya harusi, Bi. Imefungwa kwa nywila, na nywila yenyewe hii hapa."

Bi Mwanapili akavua miwani. "Harusi mtu hualikwa kwa hodi. Anakuja mtu mlangoni, anakwambia anaolewa fulani binti fulani. Huyo kakutajia?"

"Hata."

"Sasa kufuli katia la nini, na ufunguo kakupa papo hapo? Anamficha nani?"

Ridha akafungua mdomo ajibu kisomi, mara akakumbuka. Somo hilo lilifundishwa: zipu ikifungwa kwa nywila, kinga ya virusi haioni ndani. Siku hiyo yeye alikuwa nyuma ya darasa, anawafunga wenzake kamba za viatu.

Mkono ukaruka kutoka kwenye kipanya kama kashika sufuria ya moto. Akachungulia orodha ya vilivyomo, bila kukitoa hata kimoja. Kilikuwa kimoja tu: "kadi_ya_harusi.exe".

"Hii si kadi," akasema, sauti imemshuka. "Hiyo exe ni programu, imejivika buibui."

"Na ungeifungua?"

"Pengine kasida zote zingekwenda."

Bi Mwanapili akamsimamia mpaka faili likafutwa.

"Nitilie kasida zangu kwenye flashi."

"Hatari imeshapita, Bi."

"Nitilie. Flashi mbili."

Akatia. Ya kwanza Bi Mwanapili akaifunga kwenye pembe ya kanga.

"Na hii ya pili, Bi?"

"Naipeleka Wete, kwa Khairat, naye fundi wa kompyuta. Yule chuo kamaliza."

Ridha akampa kwa mikono miwili.