Tundu la Kumi na Saba

Tolasa hakuwa na shahada. Hakuwa na tai, wala ofisi yenye dirisha, wala mjomba kwenye bodi. Gari hakuwa nalo, na viatu vyake vilikwisha kushonwa mara mbili. Alikuwa na cheti kimoja cha shule ya usiku, na barua moja yenye muhuri wa zambarau: ajieleze ndani ya siku tatu kwa nini mtandao wa Ushirika wa Kahawa wa Burqa unakufa kila siku, la sivyo kazi hana.

Siku ya tatu ndiyo leo.

"Obbo Tolasa, umekufa tena!" Shashitu, katibu muhtasi, alimwita kutoka juu ya ngazi. "Mtandao, si wewe. Wewe bado kidogo."

"Nikifa nitakuaga, Adde," alimjibu, kwani kwao Obbo ni Bwana na Adde ni Bibi.

Ugonjwa aliujua. Kila kompyuta ikiwashwa huomba anwani, yaani namba ya kutambulika mtandaoni, na mashine iliyo stoo ndiyo yenye haki ya kuzigawa. Lakini mahali fulani jengoni palikuwa na mgawaji mwingine, wa uongo, aliyekuwa akiwahi kujibu kabla yake. Aliyepokea anwani ya uongo alipotea.

Dawa pia aliijua: ulinzi uitwao DHCP snooping, wa swichi, kile kifaa kinachounganisha waya zote za mtandao. Unaiambia swichi ni tundu lipi la waya linaaminiwa kugawa anwani. Mengine yanaruhusiwa kuomba tu; lolote likithubutu kugawa, jibu lake hutupwa na namba yake huandikwa. Mwaka jana aliuwasha, akasahau kulitaja tundu linaloaminiwa. Swichi ikamziba mdomo hata mgawaji wa haki, jengo zima likawa bubu siku ya mnada wa kahawa. Tangu hapo Naibu Meneja, Obbo Kitila, alimpiga marufuku: asiguse swichi bila barua yenye muhuri. Tolasa aliiomba barua hiyo mara tano. Haikuja.

Leo hakuomba. Alivuta kiti, akaanza na tundu la kwanza, la mashine ya stoo: linaaminiwa. Akalisoma tena kwa sauti, kidole kwenye kioo. Ndipo akawasha ulinzi.

"Zimeni, muwashe!" aliwapigia kelele watu wa mauzo.

Wakawasha. Vigelegele vikapanda hadi juu.

Swichi nayo ilikuwa ikiandika: tundu la kumi na saba, jibu limetupwa. La kumi na saba. La kumi na saba. Akalifunga kabisa, akakunja mikono, akangoja aone nani atalia.

Alikuja Kitila mwenyewe, tai begani.

"We mzee wa shule ya usiku! Kompyuta yangu imekufa!"

"Twende tukaitazame maiti."

Nyuma ya kabati la Kitila kulikuwa na kisanduku cheupe cha intaneti ya nyumbani, alichokinunua ili simu yake ishike vizuri. Waya aliuchomeka mwenyewe, katika tundu lisilo sahihi la kisanduku, na kisanduku kikawa kinagawia jengo zima anwani zake.

Kitila alifunga mlango. "Fungua tundu langu."

"Nipe barua yenye muhuri."

"Unanijua mimi?"

"Nakujua. Hata swichi inakujua, imekuandika mara mia mbili na kumi na nne kabla sijakufungia."

Kitila akalegeza sauti. "Ndugu yangu, andika kwamba ni umeme. Nani asiyeulaumu umeme? Nakichoma kisanduku, naichana barua yako, unastaafu kwa amani."

Tolasa alikumbuka kodi ya nyumba. Akakumbuka pia miaka minne ya kusoma usiku huku miguu ikimwaka moto.

"Umeme haukunikosea kitu," akasema.

Alikaa mezani kwa Shashitu, akaiandikia bodi kwa mkono wake: kosa lake la mwaka jana, maombi yake matano na tarehe zake, kisha tundu la kumi na saba na chumba lilipo. Akaambatanisha orodha iliyoandikwa na swichi.

Shashitu aliisoma, muhuri mkononi. "Obbo, hii ikishapigwa haifutiki."

"Piga, Adde."

Akapiga. Tolasa alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akamkabidhi tarishi wa bodi, na hakumwachia mpaka tarishi huyo alipoweka sahihi ya kuipokea daftarini.